Shahidi Aliye Juu ya Helmeti

Mnamo mwaka 2002 ilitoka Sweden filamu ambayo wapenzi wa pikipiki ulimwenguni waliitazama kwa mshangao, na baadhi yao kwa husuda: mpanda pikipiki aliyeficha uso wake na kujiita Ghost Rider, kamera ikiwa imefungwa kwenye chombo chake, akipenya katikati ya magari ya Stockholm kwa mwendo unaomkausha mate hata anayeutazama akiwa ameketi kitini. Katika kipande kilichopata sifa kuliko vyote alitoka Stockholm hadi Uppsala, masafa ya kilomita 68 hivi, kwa muda ambao filamu yenyewe ilidai kuwa haukutimia robo saa. Ndivyo kamera ya pikipiki ilivyojitambulisha kwa watu wa mji huu wa Stockholm: kama chombo cha majivuno, kinachonakili dhulma ya mpanda pikipiki juu ya wasafiri wenziwe ambao hawakuombwa radhi wala rai.

Leo kamera hiyo, iliyokwisha kuwa ndogo kiasi cha kufichika kiganjani, imehamia kwenye helmeti na usukani wa watu wa namna nyingine kabisa: walimu, wauguzi, mafundi umeme, na baadhi yetu tuliotoka pwani ya Afrika Mashariki, ambao tangu theluji inapoyeyuka mwezi wa Aprili hadi majani yanapopukutika huenda kazini kwa pikipiki, kwa kuwa ni chombo chepesi, hakitozwi kodi ya msongamano inayotozwa magari ya mji huu tangu 2007, na hupata mahali pa kuegeshwa pale gari lisipopata. Ukiwauliza kwa nini wamejifunga kamera, watakujibu kwamba wanataka shahidi. Nami nasema wana haki ya kumtaka. Ila shahidi huyu ana adabu zake, na asiyekuwa tayari kuzifuata heri kamera aiache sandukuni.

Anayetaka kuijua haja yenyewe na apite Essingeleden saa kumi na moja jioni. Barabara hii, ambayo sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa 1966, huvuka maji kutoka kisiwa hadi kisiwa upande wa magharibi wa mji, na hubeba magari kiasi cha 150,000 kwa siku. Waswidi ni watu wapole wa kauli, hupanga foleni bila ya kusukumana, na honi kwao ni jambo adimu. Lakini wamo miongoni mwao ambao usukani huwageuza tabia. Gari hukusogelea mgongoni hata taa zake zikajaa katika vioo vyako vyote viwili. Hukumulika mara moja, mara mbili. Wewe huna pa kupita, kwa kuwa mbele yako pana lori na kando zako pana foleni. Kisha nafasi ikipatikana dereva hutoka kwa ghadhabu, akakupita nusura akukwangue goti, akachomekea mbele yako na kukanyaga breki, si kwa dharura bali kwa makusudi ya kukuadhibu. Aliye ndani ya gari hesabu ikimpotea hupoteza rangi ya mlango. Aliye juu ya pikipiki hupoteza mguu, au roho. Na mambo yakifika kwa polisi na kwa watu wa bima, neno la dereva huwa ni lile lile, liwe limesemwa Stockholm au Mwenge au Changamwe: sikumwona. Kwa miaka na miaka mpanda pikipiki hakuwa na la kulijibu neno hilo isipokuwa kiapo chake.

Sheria ya Sweden haimzuii kumleta shahidi wake. Tangu sheria ya mwenendo wa mashauri ilipoanza kutumika mwaka 1948, mahakama za hapa hupokea ushahidi wa kila namna na kuupima kwa uzito wake. Na Oktoba 2016 Mahakama Kuu ya Utawala, ilipoulizwa juu ya kamera iliyofungwa nyuma ya kioo cha gari au kwenye usukani wa baiskeli, ilijibu kwamba haihitaji kibali cha kamera za ulinzi, kwa kuwa mwenyewe yupo papo hapo akiiendesha. Hata hivyo ruhusa hiyo haikukosa mipaka. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikwisha kuamua Desemba 2014, katika shauri lililotoka Jamhuri ya Czech, kwamba kamera ya nyumbani inayoifikia njia ya watu haihesabiwi kuwa ni jambo la faragha la mwenye nyumba. Na kanuni ya Umoja huo ya kulinda taarifa binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2018, inamtaka kila anayewarekodi watu awe na sababu ya halali, arekodi kwa kadiri ya haja, na asilimbikize kisichohitajika.

Jinsi mipaka hiyo inavyochukuliwa kwa uzito ilidhihirika Juni 2021, pale SL, shirika la usafiri wa umma la Stockholm, lilipotozwa faini ya krona milioni 16 na mamlaka ya kulinda faragha, IMY, kwa sababu ya kamera za kifuani ilizowavisha wakaguzi wa tiketi. Kamera zile zilirekodi wakati wote, picha na sauti, zikijifuta kila baada ya dakika moja mpaka mkaguzi abonyeze kitufe. Mamlaka ikaona kwamba kwa kukabili vitisho sekunde 15 za nyuma zatosha. Shirika lilikata rufani, nayo mabishano yakaendelea mahakamani. Lakini mwenye pikipiki hana haja ya kuyangoja yaishe. Kamera yake na aipange ijifute kwa kujirudia, kibakie kile kipande tu alichobonyeza mwenyewe au kilichohifadhiwa na mshtuko wa ajali.

Linaloniudhi zaidi ni lile linalofuata baada ya tukio. Wengi hawakipeleki kipande chao kwa polisi. Hukimwaga mtandaoni, uso wa dereva ukiwa wazi na namba ya gari ikisomeka, kisha wakaketi kuhesabu matusi anayomiminiwa. Katika Sweden jambo hili lina hatari ambayo mgeni haitambui upesi. Nchi hii tangu 1766 ina sheria inayowapa raia haki ya kuzisoma nyaraka za serikali, na daftari la magari limo humo. Mwenye namba aweza kuuliza akaambiwa gari ni la nani. Kwa hiyo anayeitangaza namba mbele ya halaiki yenye hasira huwa ameonyesha mlango wa nyumba ya mtu, na nyuma ya mlango huo wamo wazee na watoto ambao siku ile hawakushika usukani. Tena yamkini mwenye gari siye aliyekuwa akiendesha: sheria ya mwendo kasi ya hapa humwadhibu dereva, haimwadhibu mwenye chombo, na ndiyo maana kamera za barabarani hupiga uso pamoja na namba. Ikiwa dola yenyewe, pamoja na nguvu zake zote, haimtii mtu hatiani kwa namba peke yake, sisi tumeipata wapi idhini hiyo?

Na kamera hizo za dola zinatuhusu kwa njia nyingine pia. Hupiga picha kwa mbele, na pikipiki haina namba mbele. Basi mpanda pikipiki huzipita kwa mwendo autakao pasi na barua ya faini kumfikia. Mtu ambaye jicho la serikali halimpati, kisha yeye akawaelekezea wenziwe jicho lake, amebeba wajibu mzito kuliko wao wa kujihesabu nafsi yake.

Sahibu yangu mmoja, mzaliwa wa Tanga, alinionyesha kipande chake tulipokutana kunywa kahawa Kista. Alitaka nilione gari lililomganda mgongoni, lakini kwenye simu gari lilionekana liko mbali kabisa, naye akafadhaika. “Wallahi, kaka, lilikuwa hapa hapa; ningenyoosha mkono ningeligusa.” Nilimsadiki, kwa kuwa lenzi pana za kamera hizi huvifanya vitu vionekane viko mbali kuliko vilivyo. Namba haikusomeka kwa mtikisiko na kwa jua la jioni. Tarehe iliyoandikwa pembeni ilikuwa ya mwaka mwingine, maana betri ilitolewa na saa haikurekebishwa. Kilichosikika bayana ni sauti yake mwenyewe akitukana, na kilichoonekana bayana ni mshale wa mwendo wake ukipanda alipokuwa akimfukuza yule dereva hadi kwenye taa za Norrtull. “Ndugu yangu,” nikamwambia, “ukikipeleka hiki polisi, mshitakiwa wa kwanza ni wewe.” Akanyamaza, kisha akauliza kama akifute. Nikamwambia la, akihifadhi, akitazame tena hasira zikishatulia.

Dereva mwenye jeuri hatibiki kwa kufukuzwa. Mpishe, hamia njia nyingine au toka kwenye makutano ya mbele, hata kama utachelewa. Itamke namba ya gari kwa sauti, ili irekodiwe hata kama picha ni hafifu. Simama mahali salama ndipo upige simu, 112 ikiwa roho ya mtu imo hatarini, 114 14 ya polisi ikiwa jambo laweza kungoja. Itoe kadi ya kamera usiiguse tena, kwani faili la asili lina thamani kuliko kipande kilichokatwakatwa. Kamera haikinzani na stahamala, bali huihitaji, maana mwenye ithibati mfukoni hana haja ya kupigana njiani.

Huko kwetu haja ya shahidi ni kubwa zaidi, na hatari ya kumtumia vibaya pia ni kubwa zaidi. Machi 2022, kwenye barabara ya Wangari Maathai jijini Nairobi, kundi la waendesha bodaboda lilimdhalilisha mwanamke aliyekuwa ndani ya gari lake, na ni picha ya simu iliyowafanya watu wengi wakamatwe. Picha hiyo hiyo ilipozagaa ilimdhalilisha mama yule mara ya pili, mbele ya nchi nzima. Sheria tunazo: Kenya ina sheria ya kulinda data ya 2019, na ya Tanzania ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na mahakama za nchi zote mbili hupokea ushahidi wa kielektroniki ukitimiza masharti yake. Tunachokikosa ni dirisha la kuupokea. Nawasihi wakuu wa usalama barabarani wa Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa na Nairobi waweke mahali rasmi ambapo mwendesha bodaboda atakabidhi kipande chake na kupewa namba ya jalada, na nawasihi wenye kamera wasikipeleke penginepo popote kabla ya hapo.