Ziara ya Athari Mahali Pasipo na Nguzo

BARAZA LA JUMAMOSI
Na Abdalla Mwinyimkuu

Yeyote aliyepata kuwasikiliza wasafiri warudio kutoka Ugiriki atakuwa ameona kwamba masimulizi yao, ijapokuwa hutoka vinywani mwa watu mbalimbali, hufuata ratiba moja: basi la asubuhi, kilima cha Acropolis kabla jua halijakuwa kali, hekalu la Parthenon lililojengwa baina ya mwaka 447 na 432 kabla ya Kristo, kisha jumba la makumbusho lililofunguliwa chini ya kilima hicho mwaka 2009, ambamo nakala za plasta zimewekwa badala ya sanamu alizozichukua Lord Elgin mwanzoni mwa karne ya 19, zikingojea zile za asili zirudi kutoka London. Jioni mgeni hurudi hotelini miguu imechoka na moyo umeridhika. Na nani atakayethubutu kumwambia kwamba hakuona kitu, ilhali mawe yalisimama mbele yake?

Sasa tuseme kundi kama hilo limeteremka Nchelenge, kwenye ufuo wa Ziwa Mweru upande wa Zambia, likiwa na siku moja tu ya kutazama athari za kale. Sina shaka hata chembe kwamba siku hiyo yaweza kujaa tangu alfajiri hadi magharibi. Walakin mgeni atafutaye nguzo atarudi mikono mitupu, na kosa halitakuwa la nchi, bali la yule aliyempangia ziara pasipo kumtafutia msimulizi. Katika bonde la Luapula tarehe imekaa vifuani mwa watu kuliko ilivyokaa ardhini, na ziara isiyoanza kwa kuwasikiliza watu hao ni matembezi ya upepo tu.

Sababu za kutokuwako magofu zafahamika. Dola ya Mwata Kazembe, ambayo asili yake ni Walunda waliotoka magharibi, ng'ambo ya mto Luapula, ilikuwa na makao makuu yenye adhama hata Wareno wakayafuata kutoka Zambezi: Lacerda alifika mwaka 1798 na kufia huko huko, na Gamitto alifika mwaka 1831 akaacha kitabu kizima juu ya aliyoyaona. Livingstone, aliyeingia mji huo Novemba 1867, aliandika kwamba kila Kazembe mpya huhamisha baraza lake na kujenga mahali pengine. Mji wa miti na nyasi ukihamwa hurudi kuwa shamba la muhogo. Fauka ya hayo, mwaka 1899 majeshi ya Waingereza yaliuchoma moto mji wa Kazembe aliyekataa kutii amri yao. Basi pale ambapo Athens ilirundika jiwe juu ya jiwe mahali pamoja, Luapula iliugeuza mji kuwa kitu kinachohama pamoja na ufalme, na kilichobaki bila kuhama ni habari.

Mathalan, kundi letu lianzie Chisenga, kisiwa cha wavuvi kusini mwa ziwa, palipo na mabwawa na mafunjo ya Luapula, ambapo barabara ni maji na gari ni mtumbwi. Huko wangali wako Washila, wavuvi waliokuwa na ziwa hili kabla Walunda hawajafika, na huko ndiko inakopasa kusikilizwa hekaya ya Nachituti. Husimuliwa kwamba Nkuba, bwana wa Washila, alimwua mwana wa dada yake. Naye mama huyo, kwa uchungu usiopoa, akaenda kwa Kazembe kuomba kisasi. Nkuba alipokwisha kuuawa na kichwa chake kuletwa barazani, Nachituti alimkabidhi Kazembe kikapu cha udongo na chombo cha maji, yaani nchi na ziwa, mito na mabwawa yote. Kwa kikapu hicho Walunda wametawala, na mpaka leo mtu akiuliza ziwa hili ni la nani na mvuvi huyu avua kwa idhini ya nani, jawabu hupitia mikononi mwa mwanamke yule. Mgeni asiyeijua habari hiyo huona maji na nyavu. Aijuaye huona hati ya milki.

Kaskazini zaidi, ndani ya ziwa, kuna kisiwa kiitwacho Kilwa, na hapo sisi watu wa pwani tutasimama kwa haya kidogo. Mwishoni mwa karne ya 19 kisiwa hicho kilikuwa ngome ya mfanyabiashara Mswahili aliyejulikana kwa jina la Simba. Na kabla yake misafara kutoka pwani, ambayo ule wa Tippu Tip ni mmojawapo, ilikwisha kuzizoea nchi hizi ikitafuta pembe za ndovu, shaba na watumwa. Tunapokwenda Kilwa Kisiwani ya Tanzania, tukautazama Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, na kukumbuka kwamba Ibn Battuta alipita hapo mwaka 1331, hujitazama kama warithi wa ustaarabu, na ni haki yetu. Lakini katika Mweru tumo ndani ya habari za watu wengine, nao hawakutuweka mahali pa heshima. Nadhani huo ni ushahidi wa kutosha kwamba ziara hii yatufaa, kwa kuwa makumbusho ambayo humsifu tu kila ayaingiaye si makumbusho, ni kioo.

Najua jawabu la wapinzani. Watasema kwamba jiwe halidanganyi, ilhali msimulizi hula chumvi ya jumba la mfalme na kusema yampendezayo mfalme. Na hekaya ya Nachituti, watasema, ina faida iliyo dhahiri shahiri kwa Walunda. Hoja hiyo ina uzito, lakini inalisifu jiwe kupita kiasi. Parthenon yenyewe ilipata kuwa kanisa, ikawa msikiti, na mwaka 1687 ililipuka pale kombora la Wavenisi lilipoangukia baruti ya Waturuki iliyowekwa ndani yake. Kisha katika karne ya 19 Wagiriki waliokwisha kupata uhuru walibomoa nyumba na msikiti mdogo uliokuwa umesimama katika magofu hayo, ili pabaki wakati wa mababu zao tu. Anachokiona mtalii leo ni kauli iliyochaguliwa. Mawe nayo yamesimuliwa. Tofauti ni kwamba msimulizi wake amekwisha kuondoka na hawezi kuulizwa swali, na yule wa Chisenga yupo, na akiulizwa atajibu.

Wala isidhaniwe kwamba kisichokuwa jiwe hakidumu. Katika maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Zambia na Tanzania, wataalamu walitangaza mwaka 2023 magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa kwa mkono wa binadamu miaka ipatayo 476,000 iliyopita, yaliyohifadhiwa na maji. Nayo makumbusho ya Moto Moto pale Mbala yalianza kwa juhudi za padre Jean-Jacques Corbeil, aliyekusanya vyombo na mila za Wabemba wakati ambapo wengi waliviona takataka. Katika Luapula, Mwata Kazembe XIV, Chinyanta Nankula, alifanya kazi ya jinsi hiyo kwa kalamu: kitabu chake cha Kibemba juu ya wahenga na watu wake kilichapishwa mwaka 1951, naye Ian Cunnison akakitafsiri kwa Kiingereza.

Kila mwaka mwishoni mwa Julai, maelfu hukusanyika Mwansabombwe kwa sherehe ya Mutomboko, wakamtazama Mwata akibebwa kwa machela na kucheza ngoma ya ushindi. Ni jambo la fahari, na lisipungue. Walakin sherehe ya siku chache haiwezi kubeba kazi ya mwaka mzima, tena huwasikilizisha watu upande mmoja, wa mshindi.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Wenye mamlaka ya athari za kale huko Zambia, kabla hawajafikiria jumba la matofali ambalo litakosa vitu vya kutosha, wawalipe wasimulizi wawili kwa kila ziara, mmoja Mlunda na mmoja Mshila, wasimame mbele ya kundi moja, kila mmoja aeleze jinsi ziwa lilivyopata mwenyewe, na waruhusiwe kubishana. Waweke vibao mahali miji ya Makazembe ilipokuwa. Na kundi la kwanza lisiwe la wageni kutoka ng'ambo, bali la watoto wa shule za Nchelenge na Chisenga, kwa kuwa wao ndio watakaolipokea swali lile la mwenye ziwa, na jawabu lake litawagharimu riziki yao wasipolijua.