Tovuti Si Sikio

Mwandishi anayedai Wakenya wamepewa data na anwani ya kutuma maoni, kwamba kilichobaki ni uvivu wao, amekosea. Tovuti ya data huria ilizinduliwa Julai 2011, na Ibara ya 118 ya Katiba inalitaka Bunge liwashirikishe wananchi. Lakini jedwali la bajeti likiwekwa mtandaoni kama picha, nani atajumlisha safu zake? Na maoni yasiyojibiwa yana tofauti gani na yaliyotupwa? Atasema Bunge haliwezi kumjibu kila mtu. Sawa, basi lijibu kila hoja, kifungu baada ya kifungu. Mahakama ya Rufaa ilidai Julai 2024 kwamba Bunge litoe sababu za kukubali au kukataa maoni ya wananchi. Mahakama ya Juu ilipotengua uamuzi huo Oktoba, haikulikataza Bunge kuzitoa. Asiyejibu asimlaumu aliyenyamaza.