Askari Aandaliwe Kabla ya Kusailiwa

Askari anapoitwa mbele ya baraza la usaili ili apimwe kama anafaa kuwa koplo au sajini, wananchi wengi hulihesabu jambo hilo kuwa la kambini peke yake. Kwa maoni yetu, ni jambo la taifa zima. Koplo na sajini ndio wakubwa wa kwanza wanaokutana na kijana aliyeingia jeshini. Ndio wanaomwamsha alfajiri, na ndio wanaojua nani mgonjwa, nani amefiwa na nani ameanza kulewa. Afisa hutoa amri. Sajini ndiye anayeifanya itiiwe kwa moyo ama kwa kinyongo.

Mji wa Tabora unayo sababu ya pekee ya kulikumbuka hilo. Tarehe 20 Januari, 1964, askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakiongozwa na sajini. Siku ya pili yake maasi yalifika Tabora, kwenye kikosi cha pili. Madai yao makubwa yalikuwa mawili: mshahara, na vyeo. Miaka miwili na zaidi baada ya Uhuru, wengi wa maafisa walikuwa bado Waingereza, na askari Mwafrika hakuona njia iliyo wazi ya kupanda. Maasi hayana udhuru, na yaliifedhehesha nchi hata ikabidi kuomba msaada wa majeshi ya Uingereza. Lakini mwenye hekima hutazama pia kilichouchochea moto. Jeshi lile lilivunjwa. Tarehe 1 Septemba, 1964, liliundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na Mirisho Sarakikya, aliyekuwa afisa katika kikosi cha Tabora, akakabidhiwa kuliongoza.

Fundisho la mkasa ule ni kwamba njia ya kupata cheo lazima ionekane, na kila anayestahili aoneshwe namna ya kuipita. Askari asiyejua atapimwa kwa kipimo gani hubaki kusikiliza uvumi. Huambiwa kwamba vyeo vina wenyewe, au kwamba bila kujuana hakuna kupanda. Akishayaamini hayo, hata baraza likitenda haki hataiona, na kinyongo chake atarudi nacho bwenini.

Kwa hiyo kumwandaa askari ni wajibu wa mkubwa wake, wala usiachiwe bahati. Miezi kabla ya usaili, sajini mwenye uzoefu awakusanye wanaotarajiwa, awaeleze watakayoulizwa, kisha awasaili yeye mwenyewe mbele ya wenzao. Wafundishwe kuingia kwa heshima, kusimama sawasawa, kusikiliza swali hadi mwisho na kujibu kwa sauti inayosikika. Waijue sheria inayowahusu, kanuni za silaha, huduma ya kwanza na taratibu za zamu. Wafundishwe pia kusema "Sijui, afande" pale wasipojua, maana askari anayebuni jibu mbele ya baraza atabuni taarifa mbele ya adui, na watu watakufa.

Lakini tusidhani kwamba kukariri kunatosha. Sisi tuliopita chuoni twajua kwamba mtoto anaweza kuhifadhi juzuu nzima asijue maana ya aya moja. Qurani yatusimulia habari za Nabii Yusuf mbele ya mfalme wa Misri. Alipotaka kukabidhiwa hazina za nchi, alitaja sifa mbili: kwamba ni mtunzaji, na kwamba ana elimu. Hakutaja ukoo wala uzuri wa sura. Baraza nalo litafute sifa hizo mbili. Limuulize askari atafanya nini ikiwa mwenzake amelala zamuni, au ikiwa maji yamepungua na safari bado ndefu, au ikiwa rafiki yake ameiba mali ya kikosi. Maswali ya namna hiyo hayajibiwi kwa daftari. Hujibiwa na mtu aliyezoea kuwajali wenzake.

Desturi hii si ngeni Unyamwezini. Misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora hadi Ujiji ilitanguliwa na kirangozi. Naye alikuwa mpagazi kama wenzake. Alitangulizwa kwa sababu aliijua njia na wapagazi walikuwa radhi kumfuata.

Ndugu zetu wa Visiwani wasidhani kwamba haya ni mambo ya bara. Ulinzi ni jambo la Muungano, na jeshi ni moja. Tabora kuna Mtendeni, na Mji Mkongwe wa Unguja kuna Mtendeni. Kijana wa huku na kijana wa huko, wakishavaa sare moja, wapimwe kwa kipimo kimoja. Baraza lisimuulize yeyote kabila lake, dini yake wala jina la mjomba wake. Vilevile, mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, siasa za vyama ziliondolewa jeshini. Sisi wa Chama tuwe wa kwanza kuuheshimu mpaka huo, tusipeleke vimemo vya kumwombea mtu cheo. Cheo ni dhamana, na dhamana haiombewi kwa kimemo.

Tunawahimiza viongozi wanaohusika kuhakikisha mambo matatu. Vigezo vya kupandishwa vitangazwe kwa askari mapema. Kila kikosi kitenge muda wa kuwaandaa wanaoitwa. Na askari aliyeshindwa aelezwe alipopungukiwa, ili arudi mwakani akiwa amejirekebisha. Mambo hayo hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji makamanda wanaokubali kwamba askari wao akiingia barazani bila maandalizi, kushindwa kwake ni kwao pia.