Acheni kumlaumu Dokta Tenma kwa kosa ambalo si lake

Wadau, nimepotea kidogo, test zilinibana. Leo nina hasira na room nzima, sasa itabidi mnivumilie na nyie.

Wiki hii kuna kitabu kimezunguka block yetu mpaka jalada limelegea: juzuu ya kwanza ya Monster, manga ya Mjapani Naoki Urasawa. Ilitoka jaridani kuanzia 1994 hadi 2001, ikafika juzuu 18. Mshikaji wangu wa kitanda cha juu aliianza kwa kufungua upande wa kushoto kama daftari la lecture, kasoma kurasa kadhaa analalamika haieleweki. Kaka, inasomwa kutoka kulia! Haya, tuyaache.

Kama hujaisoma na hupendi kusimuliwa, ishia hapa.

Ni Düsseldorf, Ujerumani Magharibi, mwaka 1986. Kenzo Tenma ni Mjapani, bingwa wa kupasua ubongo, kipenzi cha mkuu wa hospitali na mchumba wa binti yake. Usiku mmoja analetwa mtoto, Johan, kapigwa risasi ya kichwa. Tenma anajiandaa, mara anaamriwa amwache, meya naye kaletwa. Anakataa. Mtoto anapona, meya anakufa, Tenma anavuliwa cheo na mchumba anamtupa. Halafu mkuu na wenzake wawili wanakutwa wamekufa kwa peremende zenye sumu, watoto wametoweka. Miaka tisa baadaye Johan anajitokeza kijana mtanashati, anamuua mgonjwa wa Tenma mbele ya macho yake, tena kwa utulivu kabisa.

Hukumu ya room yetu ikatoka: Tenma kajitakia, angemtibu meya watu wengi wangekuwa hai. Walikubaliana wote, eti na mwanafunzi wa udaktari wa block ya pili akaitikia kwa kichwa! Nikauliza, hivi mmesoma au mmeangalia picha?

Yule mkuu hakumtaka meya kwa sababu alimwona muuaji kwenye uso wa mtoto. Alimtaka meya kwa sababu ni meya. Kwa hiyo ukisema Tenma alikosea, hujasimama upande wa waliouawa baadaye, umesimama na mkuu wa hospitali. Hakuna daktari anayepima kichwa chenye risasi akaona humo mtu atakuwa nani mwaka 1995. Anachokiona ni nani kaletwa kwanza na nani hawezi kusubiri. Basi.

Na mimi hili silisemi kwa kupenda ubishi tu. Baba yangu mdogo aliwahi kulala kwenye benchi la hospitali moja, siitaji, toka asubuhi, na tukaona kwa macho yetu mtu aliyeshuka kwenye gari la maana akiingizwa moja kwa moja. Baba mdogo alipona, Mungu mkubwa. Ila lile benchi silisahau.

Sasa hapa ndipo nagombana na Tenma mwenyewe. Kosa lake lipo, na liko kurasa za mwanzo kabisa, ambako watu wote wanaruka. Kabla ya Johan aliletwa kibarua wa Kituruki. Tenma akaitwa kwenda kumpasua mwimbaji maarufu wa opera aliyeletwa nyuma yake. Akaenda, hakuuliza. Mturuki akafa mikononi mwa daktari mwingine. Mke wake akaja na mtoto, akamlilia Tenma amrudishie mumewe.

Urasawa hakumchagua Mturuki kwa bahati mbaya. Ujerumani Magharibi ilisaini mkataba na Uturuki mwaka 1961 kuchukua wafanyakazi, na ilipofika 1986 Waturuki ndio walikuwa wageni wengi kuliko wote nchini humo. Yaani mtu kaitwa aje afanye kazi, akiumia anasubiri mwimbaji amalizwe. Na anayemruka ni mgeni mwenzake, Mjapani, ambaye utafiti wake mwenyewe mkuu anautumia kama wa kwake. Hapo ndipo moyo unauma.

Lakini mwisho wa juzuu Tenma anaubeba mzigo wa Johan kama deni lake. Deni gani? Kumponya mgonjwa? Deni lake liko kwa yule mama na mtoto, na huko sioni akienda. Amekula matunda miaka tisa, kapandishwa baada ya wakubwa wake kufa, na anayeuliza kafaidikaje ni Inspekta Lunge peke yake. Lunge anamshuku bure kwa mauaji, sawa, lakini swali lake ni zuri kuliko majibu yote ya room yetu.

Nikamwambia mshikaji wa kitanda cha juu hayo yote. Akanijibu yule Mturuki hamkumbuki hata kidogo. Si ndiyo nasema!

Juzuu ya pili anayo yeye, kaificha chini ya godoro. Anataka kwanza nimrudishie pasi yake.