Tusifute hesabu wakati hofu bado ipo

Jamani, Jumamosi baada ya kikao chetu hapa Kagarama kuna kitu kimenikaa kichwani. Orodha ya wanaokwenda mafunzo ya ushonaji ilitoka, majina kumi. Kabila halijaandikwa popote. Lakini jamaa mmoja, Mrundi mwenzangu, akaanza kunong'ona: huyu wa kwetu, huyu wa kwao. Kufika kwangu akakwama. Baba Mhutu, mama Mtutsi. Akacheka: "Wewe sasa nikuweke wapi?"

Wengi mtasema, ndiyo maana ile migao ya Arusha ifutwe, inatufundisha kuhesabiana. Mimi nakataa.

Kuhesabiana tulikujua kabla ya Arusha. Mwaka 1972 Wahutu waliosoma, walimu mpaka wanafunzi, waliuawa chini ya serikali iliyoshikwa na Watutsi wachache. Oktoba 1993 wanajeshi wakamuua Melchior Ndadaye, rais wa kwanza kuchaguliwa kwa kura huru, hata miezi minne hajamaliza. Watutsi wakachinjwa vijijini, jeshi likalipiza kwa Wahutu. Kura alikuwa nayo, jeshi hakuwa nalo. Ndiyo sababu baada ya mkataba wa Agosti 2000, katiba ya 2005 iliweka Wahutu 60 na Watutsi 40 kwa mia bungeni na serikalini, ila jeshi nusu kwa nusu. Kwangu hiyo ya jeshi ndiyo kubwa.

Hata Ireland ya Kaskazini, baada ya mapatano ya 1998, polisi ilichukua askari wapya nusu Wakatoliki, nusu wengine, kuanzia 2001 mpaka 2011. Kuungana na Ireland nzima wameachia kura, na bado wanabishana. Lakini Mkatoliki kwanza ilibidi aone askari wa kwao kituoni.

Sikatai, mgao haukutuzuia kukimbia 2015. Lakini kumbukeni, walioandamana Bujumbura walikuwa wa makabila yote, na polisi waliowafyatulia risasi pia. Na una kasoro: Watwa wamepewa viti vitatu katika Bunge la Taifa na vitatu katika Seneti, basi. Sisi wa mchanganyiko tunafuata baba, mama anapotea. Katiba ya 2018 iliipa Seneti miaka mitano kupima kama mgao uendelee au uishe. Mimi ningeuacha kwanza, hasa jeshini.

Nanyi wa mashirika, mkisema hamwangalii kabila, nawaelewa. Rwanda iliyotupokea nayo iliondoa kabila kwenye vitambulisho baada ya 1994, na sababu tunaijua wote. Ila bandikeni ukutani: nani aliomba, nani alipata, kwa vigezo gani. Msipoeleza orodha, watu wataieleza wenyewe kwa kunong'ona.

Hilo nitaliomba kwenye kikao kijacho. Yule jamaa amesema ataniunga mkono, ingawa kuhusu migao bado anang'ang'ania ifutwe hata kesho.