Kusini "hawasomi": tuchunguze kabla ya kucheka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nami nitoe dukuduku langu kuhusu msemo uliozoeleka mno masikioni mwetu, kwamba watu wa kusini hawapendi shule na watu wa kaskazini wamezaliwa nayo.

Nilikumbushwa jambo hili majuzi ndani ya basi la kutoka Dar es Salaam kwenda Masasi. Kijana mmoja aliyepangiwa kufundisha wilaya ya Tandahimba alikuwa akimweleza mwenzake kuwa anakwenda kuripoti tu, kisha aanze kutafuta uhamisho, kwa sababu "kule watoto ni wa ngoma na korosho". Abiria wakacheka. Nami, Ndugu Mhariri, nilicheka, na hilo ndilo linaloniuma. Mimi ni mzaliwa wa Rombo. Nimefundisha kusini zaidi ya miaka ishirini, na miaka yangu miwili ya mwanzo nilikuwa nikisema maneno hayo hayo.

Sikatai kwamba tofauti ipo. Kilimanjaro imekuwa miongoni mwa mikoa ya juu kwa watu wanaojua kusoma na kuandika, nayo Lindi na Mtwara zimekuwa nyuma yake. Swali ni tofauti hiyo imetoka wapi. Wengi hujibu upesi kuwa wamisionari walikwenda Uchagani. Jibu hilo halitoshi. Masasi ilipata misheni ya Waanglikana mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipowapeleka huko watumwa waliokombolewa. Walutheri wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Wabenediktini nao walifungua misheni ya Ndanda mwaka 1906, na ni katika shule ya Ndanda aliposoma marehemu Rais Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso. Kwa hiyo kitabu kilifika kusini mapema. Kilichokosekana ni fedha ya kukilipia.

Hebu tutazame. Mwaka 1905 hadi 1907 kusini ilikuwa katika Vita vya Majimaji. Wajerumani walichoma mashamba na maghala ya vyakula kwa makusudi, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Wakati vijiji vya kusini vikijikusanya upya, reli ya kutoka Tanga iliingia Moshi mwaka 1911. Kahawa ikapata njia ya kwenda bandarini, wakulima wakaungana, na mwaka 1933 wakaunda KNCU. Mzazi wa Marangu alikuwa na karo mkononi. Kijana wa Newala alikuwa akiandikishwa manamba kwenda kukata mkonge huko huko Tanga.

Kusini nako kulijengwa reli, ya kutoka Mtwara hadi Nachingwea, lakini ilijengwa kwa ajili ya karanga za Waingereza. Mpango wa karanga ulishindwa mwaka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli yenyewe ikang'olewa. Sijapata kusikia mtu akiwacheka waliong'oa reli.

Korosho ndiyo ingefanya kazi ya kahawa, na kwa muda ilifanya. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna karibu tani 145,000, nyingi zikitoka kusini. Miaka ya katikati ya 1980 mavuno yalikuwa hayafiki tani 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini wakaiacha mikorosho yao mbali, bei kwa mkulima ilikuwa ndogo, na ugonjwa wa ubwiri unga ukamalizia.

Ni katika miaka hiyo hiyo ambapo nafasi za kidato cha kwanza katika shule za Serikali ziligawanywa kimkoa, ili mikoa ya nyuma nayo ipate. Sera hiyo ilikuwa ya haki. Lakini mzazi wa Kilimanjaro aliyeona mtoto wake amefaulu na nafasi hana, alikwenda kanisani na kwenye jumuiya ya wazazi, wakachanga, wakajenga sekondari yao. Hiyo si damu, ni fedha ya kahawa ikichanganyika na hasira ya mzazi. Mzazi wa Tandahimba angechanga nini?

Halafu, hiyo "kusini" ni ipi? Ruvuma na Njombe ziko kusini, na Peramiho ina misheni tangu 1898. Watu wake hawawezi kuitwa wasiosoma. Ngorongoro na Longido ziko kaskazini, na huko kuna wazee kwa vijana ambao hawakupata darasa. Dira haifundishi mtoto.

Nisije nikaonekana ninaficha mambo. Jando na unyago vimewahi kututoa watoto darasani, hasa wasichana, na wengine hawakurudi. Msimu wa korosho familia huhamia shambani, madawati yakabaki wazi. Katika kijiji nilichofundisha tuliwaita wazee, tukazungumza tangu asubuhi hadi jua likazama, wakakubali ngoma zote zifanywe wakati wa likizo. Walitimiza. Lakini kabla ya kuagana mzee mmoja alisimama akasema, "Sawa, mwalimu, sisi tumewaleteeni watoto. Na ninyi mtatuletea lini mwalimu wa hesabu?" Tulikuwa hatuna mwalimu wa hesabu kwa mwaka wa pili. Wawili waliopangiwa walikuwa wameripoti, wakalala wiki chache, wakaondoka.

Hapo ndipo nilipoacha kucheka, Ndugu Mhariri. Zamani mwalimu aliyepangiwa Lindi au Mtwara aliweza kusingizia kivuko cha Rufiji wakati wa masika. Daraja la Mkapa limefunguliwa tangu mwaka 2003, na lami imefika. Kinachomrudisha mwalimu sasa, pamoja na ukosefu wa nyumba, ni maneno aliyoyasikia kabla hajapanda basi. Anaondoka, watoto wanafeli, kisha matokeo yao yanatumika kuthibitisha maneno yale yale.

Ningependa wakuu wa elimu, wanapolinganisha matokeo ya mikoa, watuwekee pembeni idadi ya walimu wa hesabu na sayansi katika kila wilaya, na muda waliokaa katika vituo vyao. Tukizisoma safu hizo mbili pamoja tutajua nani hapendi shule.

Kijana yule alishuka Masasi kubadili gari, nami nikakosa nafasi ya kuzungumza naye. Yule mzee wa hesabu bado yu hai. Wajukuu zake wawili wako kidato cha pili.

Mwalimu Mstaafu,
Masasi.