Daftari la kobalti yetu linakaguliwa na nani?

Kila mchimbaji wa Kapata na Kasulo anaijua Metorex. Ni ile mashine ya mkononi ambayo mnunuzi wa depo anaielekeza kwenye jiwe, nambari inatokea, na kwa nambari hiyo unalipwa. Mashine ni yake, nambari ni yake, na ukibisha anakuambia beba mfuko wako uende depo nyingine. Miaka yote lalamiko ni lile lile: nani aliipima hiyo mashine? Sasa tunaletewa Metorex ya pili, kubwa zaidi, na safari hii hatubishi kwa sababu wengi hawajui hata kama ipo.

Naongelea blokucheni. Ni daftari la kompyuta ambalo washirika wote wa biashara wana nakala yake, kwa hiyo mmoja hawezi kufuta kimyakimya kilichoandikwa. Januari 2019 Ford, IBM, Huayou, LG Chem na RCS Global walitangaza jaribio la kufuatilia kobalti ya Kongo kwa daftari la namna hiyo, kutoka mgodi wa kiwanda hadi Korea Kusini na mwishowe Marekani. Mwaka 2021 Glencore, CMOC na ERG, wote wenye migodi humu Lualaba, wakaja na lao, Re|Source. Shabaha ni kwamba mnunuzi wa gari la umeme aambiwe kobalti yake ni safi.

Sawa. Safi kwa kanuni ya nani?

Lile jaribio la 2019 lilijengwa juu ya Hyperledger Fabric, programu huria iliyo chini ya Linux Foundation. Msimbo wake, yaani maagizo ambayo kompyuta inafuata, uko GitHub. Mwanafunzi wa Manika mwenye megabaiti chache anaweza kuusoma usiku huu bila kuomba ruhusa. Anaweza pia kupendekeza mabadiliko: anatia saini kwamba ana haki ya kuitoa kazi hiyo, majaribio yanaendeshwa, kisha wakaguzi wanapitia mstari kwa mstari. Hii ni ya nini? Umejaribu ikitokea hivi? Wanauliza mbele ya watu wote, na majadiliano yanabaki yameandikwa. Wasimamizi wakikubali ndipo inaingia. Niambieni ni ofisi gani ya madini hapa mjini inafanya kazi hivyo.

Lakini juu ya msingi huo kila kampuni inaweza kujenga chumba chake na kukifunga. Fabric imetengenezwa kwa mitandao ya wanachama walioruhusiwa, na kanuni za kupitisha mzigo au kuukataa huandikwa humo ndani. Leseni ya Apache hailazimishi kampuni kuzitoa nje. Kwa hiyo mtu akisimama kwenye warsha ya hotelini akasema mfumo wake ni huria, muulizeni: msingi, au kanuni? Mizani ya wazi haikusaidii kitu kama mawe ya kupimia yamefungiwa kabatini.

Chukueni mfano wa Musompo. Mfuko mmoja unaweza kuwa na mawe ya mashimo mawili au matatu, yaliyochanganywa njiani kabla ya kufika depo. Programu inayodai kila mzigo uwe na chimbuko moja itamfanya karani aandike uongo ili mzigo upite, na blokucheni itautunza uongo huo vizuri kabisa, miaka na miaka. Mhandisi aliye mbali hawezi kuliona hilo. Binti aliyekulia nyuma ya depo ataliona kwa dakika tano. Sehemu kubwa ya kukagua msimbo ni hiyo tu, kuuliza swali ambalo aliyeandika hakulifikiria.

Kampuni zitasema ni siri ya biashara. Bei ni siri, sikatai, na jina la mteja pia. Lakini mtu anayefungiwa soko ana haki ya kusoma sentensi iliyomfungia.

Na ninyi vijana wa kompyuta, nanyi nina neno nanyi. Wengi mkisikia blokucheni mnawaza sarafu za kuuziana kwenye WhatsApp, zile zinazomaliza akiba za mama zetu. Najua Kiingereza ni ukuta na umeme unakatika. Ila mlango wa kwanza ni mdogo: sahihisha maelezo yenye makosa, andika jaribio linalokosekana, soma mapendekezo ya wengine na uulize. Usimamizi hupewa walioonekana kazini muda mrefu, na huko hakuna anayekuuliza wewe ni mtoto wa nani.

Sheria ya madini ya 2018 inazitaka kampuni zitenge asilimia 0,3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii. Fedha hizo zinatosha chumba kimoja chenye umeme wa jua, intaneti, kompyuta ishirini na mwalimu wa Go, lugha ambayo Fabric imeandikwa. Ombi la pili halina gharama: kanuni za kupitisha na kukataa mzigo ziwekwe hadharani, kwa Kifaransa na Kiswahili, kabla hazijaanza kumhukumu mchimbaji wa mikono. Wawakilishi wa mitaa mnaokaa kwenye vikao na kampuni, yaingizeni yote mawili kwenye ajenda, na jibu mtakalopewa mtuletee redioni, hata kama ni hapana.